Nasimama ubunge

Bamba, Kilifi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila jua ni kali na silanga za maji zimeanza kukauka.

Lile neno nililokunong'oneza msibani ni kweli. Nasimama ubunge wa Ganze, mgombea huru, uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Najua utauliza kwa nini nisipitie chama. Shoga, mchujo wa chama unataka pesa ambazo cherehani yangu haijawahi kuziona. Katiba imetuachia mlango: uwe huna chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa eneo bunge lako.

Nilipoangalia simuni kama nimesajiliwa chamani, nikakuta jina langu kwenye orodha ya chama ambacho sijahudhuria hata mkutano wake mmoja. Nambari ya kitambulisho ni yangu kabisa. Nani aliichukua, na wapi? Mikono ilinitetemeka. Imenibidi nijiuzulu chama nisichojiunga nacho.

Saini ninazo 412. Gulioni, penye mbuzi, vijana huniambia, "Mama, tuachie ya soda kwanza." Sitoi. Anayenunua saini leo ataifidia pesa yake kwenye fedha za basari za kusomesha watoto, na wanangu wawili wamesomea hizo hizo.

Bibi mmoja wa Vitengeni alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Maji utayaleta wewe?" Nikamwambia ukweli, kwamba maji ya bomba kwa sehemu kubwa ni kazi ya kaunti, na mbunge hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuichunga serikali. Akanyamaza kitambo. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza karatasini, akasema hajawahi kujibiwa hivyo na mwomba kura.

Na usinitajie umaskini. John Paul Mwirigi alikuwa mwanafunzi wa miaka 23 alipochukua Igembe Kusini mwaka 2017, naye mgombea huru.

Nakuomba jambo moja. Siku ya kura uwe wakala wangu hapa Bamba. Uyaone masanduku yakiwa matupu asubuhi, ukae hadi Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, itiwe saini, utoke na nakala mkononi. Mtu wa kukesha kwa ajili yangu asinunulike namjua mmoja tu. Omba ruhusa kazini mapema. Nauli nitatuma, na chumba ni kile kile.

Ni mimi, wako wa dawati moja