Dawa ya sukari na miguu kuvimba

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mama yangu ana sukari, akaongezewa pioglitazone, baada ya wiki kadhaa miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki palepale, ndala hazimuingii na usiku analalia mito mitatu maana akilala chali pumzi inakata. Sisi tukadhani ni chumvi! Kumbe hiyo dawa inafanya mwili ushike maji, na mwenye moyo ulioshindwa kazi haimfai, Marekani tangu 2007 karatasi yake ina onyo kali kuhusu hilo. Dirishani tuliambiwa tu kutwa mara moja. Jamani wafamasia, tuambieni na hayo mengine, na wewe mgonjwa ukiona uvimbe usiache dawa kimyakimya, wahi kwa daktari siku hiyohiyo.

Mtoto wa mgonjwa, Tanga