Rejesta ya watoto imtafute na yule asiyeletwa kliniki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie takwimu za chanjo na kliniki ya watoto, ambazo kila baada ya miezi michache husomwa mbele ya madiwani na kuandikwa magazetini kwa asilimia zinazopendeza. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Tanga, nikijaza kitabu kile kile zinakotoka asilimia hizo, yaani rejesta ya watoto, kitabu namba 7 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Hoja yangu ni kwamba rejesta zetu zimetengenezwa kuwahesabu watoto waliofika, ilhali mtoto anayehitaji kinga kuliko wote ni yule ambaye hakufika, na mara nyingi huyo hajaandikwa popote.

Msomaji asiye wa kada ya afya huenda hajui asilimia hizo zinapatikanaje. Idadi ya watoto waliochanjwa hugawanywa kwa idadi ya walengwa, na walengwa hao si watoto waliohesabiwa nyumba kwa nyumba. Ni makadirio yanayotokana na sensa, yakiongezwa kila mwaka kwa kiwango cha ongezeko la watu, kisha yakagawanywa kutoka mkoa hadi wilaya na hatimaye hadi kituo. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya Agosti 2022 ilipita miaka kumi, na katika muda huo viko vijiji vilivyojaa wageni waliofuata mashamba au machimbo, na viko vingine vilivyobaki na wazee. Ndiyo sababu si ajabu kukuta zahanati moja imechanja asilimia 120 ya walengwa wake na ya jirani imeishia 60, ingawa wauguzi wa pande zote mbili wamefanya kazi ile ile. Asilimia inayopita mia ingepaswa kututia shaka. Sisi huipigia makofi.

Huku kwetu Tanga ipo sababu nyingine inayovuruga hesabu, nayo ni mila njema kabisa. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua. Mtoto hupata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio katika kituo cha huko, akaandikwa kwa jina la mama kwa kuwa lake bado halijatolewa. Arobaini ikitoka, mama hurudi kwa mumewe, na mtoto yule yule hufika katika kliniki nyingine, pengine ya wilaya nyingine, kwa ajili ya dozi ya kwanza ya Pentavalenti, chanjo ya kukinga magonjwa matano, ambayo hutolewa akiwa na wiki sita. Sasa ana jina lake na la baba yake, na huandikwa upya kwa namba mpya. Kituo cha kwanza hubaki na mtoto anayeonekana mtoro, yaani aliyeacha kuletwa kliniki, na cha pili hupata mtoto ambaye hakikumtarajia. Tumchukue na mtoto mwingine, aliyezaliwa siku ile ile katika kituo kile kile, ambaye mama yake alihamia porini shambani na kweli hakuchanjwa tena. Ukifungua kitabu, watoto hawa wawili wanafanana: kila mmoja ana mstari wenye tarehe moja mwanzoni, na visanduku vitupu hadi ukingoni mwa ukurasa. Muuguzi hana namna ya kujua ni yupi wa kufuatwa.

Zamani tulijitahidi kwa sanduku la mbao lenye vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Nakala ya kadi ya mtoto aliyetarajiwa Machi ililazwa katika chumba cha Machi. Alipokuja, ilihamishwa kwenda mwezi unaofuata, na zilizosalia mwisho wa mwezi ndizo za watoro, ambao majina yao alikabidhiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii ili aulizie kwa wenyeviti wa vitongoji. Mahali penye watoto wachache na watu wasiohamahama, sanduku lile lilifaa sana. Upungufu wake ni kwamba sanduku la kituo kimoja halikuweza kujua yaliyomo katika sanduku la kituo kingine.

Kwa hiyo niliufurahia mno mfumo wa kielektroniki wa rejesta ya chanjo, ambao ulianzia Arusha katikati ya muongo uliopita, ukaja Tanga na Kilimanjaro, kisha ukaenda mikoa mingine. Mtoto hupewa namba moja, na kishikwambi humwonyesha muuguzi ni nani anatarajiwa na ni nani amepitiliza tarehe, hata kama chanjo ya kwanza ilitolewa kwingine. Hicho ndicho tulichokikosa kwa miaka yote. Tatizo ni kwamba katika vituo nilivyovifahamu karatasi haikuondoka kishikwambi kilipoingia. Siku ya kliniki muuguzi mmoja anapima uzito, anachoma sindano, anajaza kadi ya mama, anajaza kitabu, anapiga vijiti kwenye karatasi ya kujumlisha, kisha anatakiwa aingize yote hayo katika kishikwambi ambacho mtandao wake umekatika tangu asubuhi. Husema ataingiza jioni, na jioni kuna mama anayejifungua chumba cha pili. Taarifa zikichelewa, orodha ya watoro hutoka na majina ya watoto waliochanjwa wiki hiyo hiyo. Mhudumu wa jamii aliyetembea na jua mara mbili kwenda kumfuata mtoto asiye na deni lolote, mara ya tatu haendi, nami simlaumu.

Hata hivyo pengo kubwa zaidi liko mwanzoni kabisa. Rejesta ya chanjo, iwe ya karatasi au ya kielektroniki, humwandika mtoto siku anapoletwa. Aliyezaliwa nyumbani na asiletwe hayumo, hivyo hawezi hata kuitwa mtoro. Nchi yetu inayo rejesta nyingine inayoweza kumkuta huyu. Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, imekuwa ikiendesha mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa bila malipo, katika vituo vya tiba na katika ofisi za watendaji wa kata, huku taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Matokeo yake ni kwamba katika zahanati moja, juu ya meza moja, muuguzi yule yule anaweza kumwandikia mtoto namba ya cheti cha kuzaliwa na namba ya kliniki, na namba hizo mbili zisijuane. Serikali imekuwa ikisisitiza kila mara kwamba mifumo yake isomane. Sioni mahali panapostahili kuanza kabla ya hapa. Namba ya cheti iwe ndiyo namba ya kliniki, na mtendaji wa kata anapomsajili mtoto aliyezaliwa nyumbani, zahanati iliyo karibu na kaya hiyo ipate habari siku hiyo hiyo. Hapo walengwa wangekuwa watoto wenye majina na vitongoji vyao, badala ya makadirio.

Wapo watakaosema hayo ni ya nchi tajiri. Denmaki, kwa mfano, ilianza kumpa kila mkazi namba yake mwaka 1968, na tangu 2014 mzazi wa mtoto aliyefikisha miaka miwili bila kukamilisha chanjo zake huandikiwa barua ya kumkumbusha. Hatuhitaji barua, kwa kuwa tuna simu, tuna wenyeviti wa vitongoji na tuna wahudumu wa jamii. Kinachofaa kuigwa ni orodha inayomjua mtoto kabla hajaletwa.

Na orodha hiyo isiishie kwenye sindano. Mama wengi huona kliniki imekwisha mtoto akichanjwa surua na rubela akiwa na miezi tisa, ilhali dozi ya pili inamsubiri akiwa na miezi kumi na minane, na matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa umri huo wamedumaa. Mtoto anayeletwa kila mwezi huku mstari wa uzito katika kadi yake umelala kwa miezi mitatu, yaani haongezeki uzito, hahesabiki mtoro, na hakuna ripoti inayomtaja. Kampeni nazo zinatupita hivi hivi. Mwaka 2023, baada ya kirusi cha polio kubainika Rukwa, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa kadhaa, wakaweka alama ya wino vidoleni na ya chaki milangoni. Walikuwa na nafasi adimu ya kumwandika kila mtoto asiye na kadi, lakini kazi waliyopewa ilikuwa ya matone peke yake.

Ninayoyasema yana hatari zake. Rejesta ya kliniki hubeba siri, ikiwamo hali ya mama kuhusu VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuwekwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu pekee. Orodha ya watoro isisomwe kwenye mkutano wa hadhara wala isigeuzwe daftari la faini, kama zilivyowahi kutozwa katika baadhi ya vijiji kwa waliojifungulia nyumbani. Mama aliyepoteza kadi na kuogopa kufokewa mbele ya wenzake hukaa nyumbani, na mtoto wake ndiye tunayemtafuta.

Halmashauri hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka. Diwani atakayeletewa taarifa ya chanjo ya asilimia 104 aombe na ukurasa mwingine, unaoonyesha watoto wangapi walipitiliza tarehe mwezi uliopita, wangapi walifuatwa, na wangapi walikutwa wamekwisha chanjwa katika kituo kingine. Kisha aulize nauli ya mhudumu aliyewafuata ililipwa kutoka fungu gani, kwa sababu katika vituo nilivyofanyia kazi fungu hilo halikuwahi kuwepo, na wahudumu wengi walitumia baiskeli zao wenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga