Malalamiko: seva zenu zinagawa faili asilia za michoro yetu

Kampala, Uganda

Kwa Meneja,
Idara ya Hakimiliki

YAH: KUNAKILIWA KWA KAZI ZETU NDANI YA ULIMWENGU PEPE WENU

Bwana/Bibi Meneja,

Sisi ni wachoraji wa kidijitali na watengenezaji wa maumbo ya 3D hapa Kampala, na kazi zetu zinauzwa kwenye jukwaa lenu. Tunalalamika kwamba mfumo wenu unawapa wanaonakili faili zetu asilia, unafuta majina yetu humo, kisha unatutwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba kazi ni zetu.

Tunajua kisichowezekana. Ili mtu auone mchoro ukutani ndani ya ulimwengu pepe, lazima mchoro ufike kwenye kompyuta yake na ufunguliwe katika kumbukumbu ya kadi ya michoro. Kilichofika huko kinaweza kunaswa, na hakuna awezaye kuzuia picha ya skrini. Haya yanajulikana tangu 2006, CopyBot, programu ya kunakili vitu vya wengine, ilipozua taharuki ndani ya ulimwengu pepe wa Second Life. Hatuwadai miujiza. Tunachodai ni kwamba msigawe faili asilia.

Maana ndivyo mnavyofanya. Tukipakia picha ya pikseli 4096 kwa 4096, seva yenu inaituma nzima kwa kila aliyeingia chumbani, hata aliyesimama mbali, ambaye kwenye skrini yake mchoro hauzidi ukubwa wa kidole gumba. Picha ya 1024 kwa 1024 ina sehemu moja tu ya kumi na sita ya pikseli hizo, na kwa umbali huo jicho halioni tofauti. Tumeni ndogo kwanza. Kubwa apewe aliyesogea karibu au aliyenunua. Watazamaji wa huku, wanaohesabu megabaiti za bando, watafaidika pia. Tena viungo vya picha visiwe vya kudumu. Leo mtu akinakili kiungo na kukifungua kwenye kivinjari kingine bila kuingia katika akaunti yoyote, picha inashuka. Kiungo chenye saini ya kidijitali kinachokwisha muda baada ya dakika chache si jambo geni, huduma nyingi za kuhifadhi faili zinacho tayari.

Linalotuuma zaidi ni majina. Tunaandika jina la msanii katika metadata ya kila picha, yaani maelezo yanayobebwa ndani ya faili, na kwenye faili za GLB, zinazobeba maumbo ya 3D, tunajaza sehemu ya "copyright", ambayo glTF 2.0, kiwango cha faili hizo, kimeiweka kwa kazi hiyo hiyo. Faili ikishapita kwenye programu yenu ya kubana, vyote vimefutika. Mstari huo ni baiti chache tu! Mnalifuta jina, halafu mnamdai mwenye jina ushahidi.

Mnasema nakala mnazikamata kwa kulinganisha hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili. Lakini hashi ya SHA-256 hubadilika yote pikseli moja tu ikibadilika, kwa hiyo inakamata tu nakala isiyoguswa kabisa. Tazameni mchoro wetu wa lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Nakala inayouzwa kwenye soko lenu imegeuzwa kushoto kulia na wekundu wake umepunguzwa. Kiraka cha chini bado kipo, na mshono mmoja tulioulaza makusudi kinyume na mingine bado umelala vilevile, ila upande wa pili. Hashi ya kimtazamo, inayokokotolewa kutokana na jinsi picha inavyoonekana, haiyumbishwi sana na rangi kupunguzwa. Dhidi ya kugeuzwa, ikokotoeni mara nane kwa kila picha: mizunguko minne, na kila mmoja na taswira yake ya kioo. Ikikuta zinazofanana isifute yenyewe, kwa sababu wasanii wawili wanaweza kuchora lubugo kihalali. Apelekewe mtu azitazame.

Fomu yenu ya malalamiko nayo inakataa simu inayoanza na +256 na inadai namba ya usajili wa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya 2006 inailinda kazi bila kungoja usajili. Kusajili URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kunaongeza ushahidi tu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unakataza sharti kama hilo, na hata DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni, haidai namba ya usajili katika taarifa ya kuomba kazi iondolewe. Zaidi ya hapo, mkiondoa nakala moja sokoni, zile zilizokwisha kuingia kwenye mikoba ya kidijitali ya wanunuzi zinabaki na kuendelea kuuzwa upya. Ondoeni zote zilizotokana na faili hiyo, na wanunuzi warudishiwe fedha zao.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja tarehe ya kurekebisha viungo na metadata, ambavyo ni vyepesi kuliko vyote, na ratiba ya hayo mengine. Tumeambatisha faili ya lubugo yenye leya zake zote, pamoja na picha ya nakala ikiwa imegeuzwa upande wake wa awali na kuwekwa sambamba na mchoro wetu.

Wenu,
Wachoraji na watengenezaji wa maumbo ya 3D, Kampala