Kwa Shoga Yangu wa Tanga, Kuhusu Binti na Mwaka wa Ubelgiji

Magomeni, Dar es Salaam
12 Juni 2025

Mpendwa shoga yangu,

Assalaam aleikum. Natumaini Idi mmeimaliza salama na kwamba bibi anaendelea vizuri na miguu yake. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba uliamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu jambo lenyewe halifai kuzungumzwa harakaharaka. Unasema binti yako, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, amepata nafasi ya kukaa mwaka mzima wa masomo Ubelgiji, upande wa wasemao Kifaransa, akiishi na familia ya huko na kusoma sekondari ya huko, na kwamba shemeji hajakubali wala hajakataa. Unaniuliza mimi kwa kuwa niliupitia mwaka kama huo nikiwa na umri wake, kuanzia Agosti 2001 hadi Julai 2002. Jibu langu ni kwamba mruhusuni aende. Ila sitaki kuishia hapo, kwani sehemu kubwa ya mwaka huo haimo mikononi mwake bali mikononi mwenu mnaobaki Tanga, na hiyo ndiyo ninayotaka nikueleze kwa kirefu.

Baridi isiwanyime usingizi. Koti zito mtalipata kwenye mitumba ya Karume kwa bei ambayo hamtaiona katika duka lolote la kule, na chakula huzoeleka. Kinachomchosha mtoto ni kukaa kimya. Unanijua nilivyokuwa shuleni, hapakuwa na darasa ambalo sauti yangu haikusikika. Sasa fikiria msichana wa namna hiyo anakaa mezani kila jioni, katika kijiji karibu na mji wa Namur, watu wanne wanazungumza kwa pamoja, wanamezana maneno, wanacheka, naye hajui wamecheka nini. Kifaransa nilichokuwa nacho ni cha darasani na cha kozi za Alliance Française pale Upanga, kinachotosha kuuliza njia na kutaja umri. Shuleni nilinakili kila kilichoandikwa ubaoni, biolojia na historia, bila kujua nimenakili nini. Ifikapo saa moja usiku kichwa kilikuwa kinagonga, na nilikwenda kulala kabla ya mtoto mdogo wa nyumba ile.

Hali hiyo ilidumu karibu miezi mitatu. Sikia pia namna ilivyoondoka, kwa sababu ndipo ilipo hoja yangu. Miezi ile ya mwisho ya 2001 Ubelgiji nzima ilikuwa inajifunza kuhesabu upya, kwa kuwa faranga yao ilikuwa inaipisha yuro, ambayo noti na sarafu zake zilianza kutumika Januari 1, 2002, kwa kiwango cha faranga 40.3399 kwa yuro moja. Bibi wa nyumba ile, mama yake baba mwenyeji wangu, hakuielewa hesabu hiyo, nami sikuielewa lugha yake. Basi jioni tukawa tunakaa jikoni na karatasi za matangazo ya maduka, yeye akinisomea polepole bei ya siagi na sabuni kwa faranga, mimi nikigawanya kwa kikokotoo na kumtajia kwa yuro, naye akigutuka au kuguna kulingana na bei. Hakuna mwalimu aliyenifungua masikio kama yule bibi, kwa sababu hakuwa akinifundisha. Alikuwa anahitaji jibu, na ilinibidi nilipate. Kutoka kwenye bei tukaingia kwenye habari za soko, kutoka soko tukaingia kwenye ujana wake na vita alivyoviona akiwa mtoto, na ilipofika Januari nilikuwa ninabishana na watoto wa nyumba ile juu ya nani aoshe sufuria.

Sasa jiulize: ningekaa jikoni na yule bibi kama ningekuwa na mahali pengine pa kwenda? Baba yangu alikuwa akipiga simu Jumapili, kwa dakika chache kwa sababu ya gharama, na barua zilichukua majuma. Meza ile na jikoni ile ndipo palikuwa mahali pangu pekee pa kuishi. Binti yako ataondoka na simu janja mkononi. Ubelgiji iko nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto na kwa saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo saa anayorudi kutoka shuleni ndiyo saa nanyi mnayotulia nyumbani baada ya magharibi. Ataweza kujifungia chumbani kule akaishi Tanga jioni nzima, akasikia harusi ya nani imefika wapi na mdogo wake amepata ngapi kwenye jaribio, kisha akalala bila kuzungumza na mtu yeyote wa nyumba anayoishi. Nimeliona hilo kwa mtoto wa ndugu yangu, ambaye alikaa miezi mingi Ulaya na kurudi na Kifaransa kilekile alichoondoka nacho. Familia yake ya kule ilikuwa na subira nyingi, lakini mtu haingii mahali ambapo mlango umefungwa kwa ndani.

Kwa hiyo ombi langu kwako, na uliwasilishe kwa shemeji kama lilivyo, ni kwamba mpatane tangu sasa, kabla hajapanda ndege, kuwa mtazungumza mara moja kwa juma, siku inayojulikana na saa inayojulikana, na kwamba asipigiwe kamwe wakati wa chakula cha jioni, kwa sababu mchana kule watu hula mikate waliyofungasha nyumbani, na familia hukutana sawasawa jioni tu. Ujumbe mfupi wa salamu hauna neno. Atalia. Kwa kawaida huanza Oktoba, siku zinapopungua, na huenda akalia tena Desemba, ambapo jua huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni hivi. Akikupigia analia, usimwambie arudi wala usimwambie anyamaze. Muulize leo amekaa na nani darasani, wamekula nini, mbwa wa nyumba anaitwaje. Mwache azungumze mpaka apumzike, kisha muage. Najua ninakuomba jambo gumu, nami ni mama pia. Hata hivyo siwezi kukuandikia kitu chepesi ambacho hakitamsaidia.

Kuna tofauti moja lazima uishike. Upweke ni jambo moja, kuonewa ni jambo jingine. Akikuambia kuwa ananyimwa chakula, kwamba mtu anaingia chumbani mwake bila ruhusa, kwamba anaachwa peke yake nyumbani siku kadhaa, au kwamba pasipoti yake imechukuliwa naye hapewi, hapo usisubiri siku ya simu. Mipango hii huwa na mtu wa kujitolea aliye karibu na mtoto, ambaye kazi yake ni kumsikiliza na, ikibidi, kumhamishia familia nyingine. Pateni jina na namba yake mapema, na nyinyi wenyewe mzungumze naye kabla mtoto hajaondoka.

Shemeji anauliza kuhusu dini, na ana haki. Ufaransa kwenyewe, sheria ya Machi 15, 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma, hijabu ikiwamo. Ubelgiji haina sheria moja ya namna hiyo kwa nchi nzima. Kila shule ina kanuni zake, na shule nyingi za upande wa Kifaransa haziruhusu hijabu ndani ya uzio. Yangu ilikuwa mojawapo. Niliivua langoni na kuivaa tena nikitoka, na sitakuficha, iliniuma mwaka mzima. Ulizeni jambo hilo kwa maandishi sasa, ili binti aamue akijua. Lakini shemeji ajue pia kwamba Uislamu unatambuliwa kisheria Ubelgiji tangu 1974, na kwamba katika shule za umma mwanafunzi anaweza kuchagua somo la dini hiyo kama vile mwingine anavyochagua Ukatoliki au somo la maadili lisilo la dini. Shule za Kikatoliki ni nyingi sana kule, na humo kinachofundishwa ni Ukatoliki, kwa hiyo ulizeni pia atapangiwa shule ya aina gani. Nyama ya halali ipo mijini, kwani nchi ile ilifanya makubaliano na Moroko na Uturuki mwaka 1964 ya kupata wafanyakazi, na wajukuu wao leo ni Wabelgiji wenye maduka na misikiti.

Ramadhani yangu iliangukia Novemba na Desemba, mchana mfupi, nikafuturu kabla wenzangu hawajafika kutoka mazoezini. Yake itaangukia Februari na Machi, nayo haitakuwa nzito kupita ya Tanga. Mama mwenyeji wangu, ambaye si mtu wa kanisa wala wa msikiti, aliniwekea supu na tende kila siku bila kukumbushwa. Majuma machache baada ya kufika kwangu yalitokea mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, na watoto darasani walinigeukia kwa maswali kana kwamba nilikuwa na majibu. Niliwaeleza, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, kwamba sisi wa Dar es Salaam tulilipuliwa ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998 na watu 11 wakafa mjini kwetu. Baada ya hapo maswali yalibadilika. Binti yako naye ataulizwa mambo, na ni vizuri aijue historia ya kwao kabla ya kwenda kuulizwa.

Kuhusu hofu ya bibi wa hapo kwenu kwamba mtoto atageuzwa mtumishi wa ndani, mwambieni kuwa familia za mipango hii hujitolea bila kulipwa, na kwamba ataosha vyombo, naam, kama watakavyoosha wengine wote, baba wa nyumba akiwa miongoni mwao. Na binti asishangae akiona mtoto anamwita mzazi wa rafiki yake kwa jina lake tupu, wala watu wazima wakimsalimia kwa kumgusisha shavu. Heshima ipo, ila hukaa katika mambo mengine: kufika kwa wakati, kuaga kabla ya kutoka, kushukuru kwa chakula.

Nataka pia aende Brussels, na aende akiwa na macho ya Mtanzania. Karibu na jengo la soko la hisa la zamani atakuta mtaa unaoitwa Rue de Tabora. Ndiyo Tabora yetu, ambayo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Ni Wabelgiji haohao waliopewa maeneo yao katika bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma kwa mkataba wa 1921 ili mizigo ya makoloni yao ipite. Mimi nilisoma kibao kile nikasimama, kwa sababu mpaka siku ile nilidhani nimekwenda katika nchi isiyonihusu. Aende Tervuren pia, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika, na akitoka humo aende kwenye kanisa la mji huo, yalipo makaburi ya Wakongo saba waliofariki mwaka 1897, walipoletwa kuonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili. Asiende peke yake huko. Amwombe mama mwenyeji aende naye, na wazungumze njiani wakirudi.

Na nywele! Usiache kumwambia habari ya Matongé, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, karibu na kituo cha treni za chini ya ardhi cha Porte de Namur. Kuna saluni za kusuka, kuna mihogo na dagaa, na akipata msusi wa Bukavu au Lubumbashi atasukwa huku akizungumza Kiswahili, chenye lafudhi yake, lakini Kiswahili. Huko aende kwa raha zake.

La mwisho ni shule ya hapa. Aliyemaliza Kidato cha Nne Novemba iliyopita na kupangiwa Kidato cha Tano hawezi kushika mambo yote mawili, kwa sababu masomo kule huanza mwishoni mwa Agosti, na nafasi ya serikali asiporipoti kwa wakati hupewa mwingine. Cheti atakachopewa kule, kwa kawaida, ni cha kuthibitisha kuwa alihudhuria, wala si cha kuhitimu. Mimi niliingia Kidato cha Tano nikiwa nyuma ya wenzangu kwa mwaka, na kwa upande wangu sijaona nilichopungukiwa. Lakini hesabu hiyo shemeji aifanye akiwa anajua, na mzungumze mapema na shule binafsi mnayoweza kuimudu.

Karatasi ni nyingi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti, kiapo cha wazazi wote wawili mbele ya wakili, cheti cha daktari, na viza ya muda mrefu, ile ya herufi D. Akishafika atajiandikisha katika ofisi ya serikali ya mtaa, na polisi wa eneo atapita nyumbani kuhakikisha kuwa kweli anaishi pale. Mwambieni mapema ili asishtuke akimwona mlangoni. Ubalozi uko hapahapa Dar es Salaam, kwa hiyo mkija mfikie kwangu. Chumba cha nyuma kiko wazi, nami nitaomba ruhusa kazini ili niwasindikize, na jioni nitakaa na binti tuanze kuzungumza Kifaransa. Nijulishe tarehe ya miadi mara utakapoipata.

Msalimie shemeji, bibi na watoto wote.

Ni mimi shoga yako,
wa Magomeni