Somo la sheria ya data lianzie kwenye daftari la getini

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo kuhusu somo la sheria, uzingatiaji na usimamizi wa hatari za teknolojia. Mara nyingi somo hili linaanzia mbali mno. Mwanafunzi wa Kampala anakaririshwa kanuni za Ulaya za 2016 za ulinzi wa data na viwango vya ISO, shirika la viwango la kimataifa, halafu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda, ya 2019, inaguswaguswa wiki ya mwisho.

Hasara yake inaonekana siku data ikivuja. Ulaya wana saa 72 za kumwarifu msimamizi, na Kenya vivyo hivyo. Sheria yetu haina saa 72, inasema mara moja. Taarifa inapelekwa kwa msimamizi wa data aliye chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na ni yeye anayeamua kama wenye data nao waambiwe. Mhitimu aliyekariri ya Ulaya anakaa siku tatu akipamba ripoti, na kampuni yake imeshakosea tangu siku ya kwanza.

Namba za vifungu nazo zimehama. Tangu Julai 2024 linatumika toleo jipya la sheria za nchi, ambamo sheria ya data ni Sura ya 97, na ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ni Sura ya 96. Nakala za zamani bado zina kifungu cha 25 cha mawasiliano ya kukera, ambacho Mahakama ya Katiba ilikibatilisha Januari 2023.

Sisi tungeanzia getini. Chukua daftari la wageni lililo mezani kwa askari wa jengo la ofisi: jina, simu, namba ya kitambulisho cha taifa, anakokwenda, saa, sahihi. Mgeni wa kumi anasoma habari za tisa waliomtangulia huku akitafuta kalamu. Hapo pana somo zima. Namba ya kitambulisho, tarakimu na herufi 14, ni ya nini? Kama shida ni kujua nani yuko ndani moto ukizuka, jina na saa vinatosha, na sheria inataka uchukue kile tu unachokihitaji. Mwenye dhamana ya data hiyo ni nani, mwenye jengo au kampuni ya ulinzi? Kwa kawaida ni mwenye jengo aliyeagiza ikusanywe, na kampuni inaishughulikia tu kwa niaba yake, kwa hiyo mkataba wao lazima useme data italindwaje. Na daftari likijaa linakwenda wapi? Likiishia kufungiwa karanga, huo nao ni uvujaji, hata kama hakuna kompyuta iliyoguswa.

Sasa mwanafunzi aandike mstari mmoja wa rejesta ya hatari, yaani orodha ya hatari, chanzo chake na dawa yake. Wengi huandika "wadukuzi" au "data kuvuja", maneno yasiyo na chanzo, kwa hiyo hayana tiba. Mstari unaofaa unasema hivi: kwa kuwa daftari liko wazi, mtu anaweza kupiga picha ukurasa, na simu pamoja na vitambulisho vikatumika kuwalaghai wageni pesa za simu. Uwezekano 4 kati ya 5, madhara 3 kati ya 5, alama 12 (4 mara 3). Dawa: safu ya kitambulisho ifutwe, na kila mgeni ajaze karatasi yake itakayoteketezwa baada ya siku 30. Uwezekano unashuka hadi 1 na madhara 2, alama 2. Anayewajibika kwa hatari hiyo ni meneja wa jengo. Kumwandika mtu wa kompyuta, kama ilivyozoeleka, ni bure, maana hana amri juu ya askari.

Upande wa mafundi, kosa kubwa ni kusafisha seva kabla ya kunakili logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo seva hujiandikia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inapokea ushahidi wa kompyuta, lakini uzito wake unategemea ulivyohifadhiwa. Nakili kwanza, piga heshi (alama ya hesabu inayoonyesha kama faili limeguswa), andika nani alishika nakala na saa ngapi. Hiyo saa yenyewe ni mtego. Seva iliyowekwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Kampala kwa saa tatu, inaandika 21:40 tarehe 4, Kampala ni 00:40 tarehe 5, na shahidi anasema "saa sita na dakika arobaini usiku". Wakili asiyelijua hilo atadhani ni matukio matatu.

Mawakili nao wapige hesabu. Faini ya juu ya makosa ya sheria ya data ni pointi 245 za sarafu, kipimo cha faini katika sheria zetu, yaani shilingi 4,900,000, kwa kuwa pointi moja ni 20,000. Kampuni zinacheka, zikisahau kwamba mahakama inaweza kuzitoza hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Cheti cha kusajiliwa kwa msimamizi wa data nacho ni cha miezi 12, hata kikiwekewa fremu.

Tunavitaka vyuo vimketishe mwanafunzi wa sheria na wa kompyuta kwenye dawati moja tangu wiki ya kwanza. Mtihani wao uwe wa saa mbili: ukurasa wa logi ambazo saa zake hazilingani, picha ya daftari la getini, na barua moja kwa msimamizi wa data, itakayotumwa siku hiyohiyo.

Walimu wa sheria na usalama wa mifumo,
Kampala