Asante, mzee wa Shauri Moyo

Kwa yule mzee wa jua kali pale Shauri Moyo, Jumamosi jioni: sikukuuliza jina, nisamehe. Nilikuja na jiko la makaa ambalo udongo wake wa ndani ulikuwa umepasuka, nikitaka kununua jipya. Ukaligonga kwa kidole, ukasema, "Mama, bati bado zima." Ukabandua udongo wa zamani, ukatia mwingine, ukaziba pembeni kwa saruji, ukanionya nisiwashe kabla haijakauka. (Mume wangu alitaka chai usiku huohuo. Alikunywa maji.) Ulilipisha udongo tu, kazi ukakataa. Sasa, na baridi hii ya Julai, mkebe mmoja wa makaa unaivisha githeri. Shukrani sana, mzee wangu.