Mheshimiwa, meli zisirudi bila kupima msukosuko wa vilindini

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utafiti wa bahari,

Mheshimiwa,

Nakuandikia kabla bajeti ya meli za utafiti haijafungwa, kutetea kipimo cha msukosuko wa vilindini, ambacho ni rahisi mno kukikata kwa kuwa wachache wanajua kazi yake.

Bahari imepangika tabaka juu ya tabaka: maji mepesi ya vuguvugu juu, mazito ya baridi chini. Kwenye bahari za ncha, hasa kandokando ya Antaktika na kaskazini mwa Atlantiki, maji baridi huzama bila kukoma. Ili yapate kupanda tena, lazima yachanganyike na yaliyo juu yake, na maji mazito hayapandi bila nguvu. Sehemu ya nguvu hiyo hutoka kwa mwezi. Maji yanapokupwa na kujaa husukumwa juu ya milima ya chini ya bahari, yakazaa mawimbi yanayosafiri ndani kwa ndani, kati ya tabaka na tabaka, huku uso wa bahari ukionekana shwari. Katika Mlangobahari wa Luzon, kati ya Taiwan na Ufilipino, yamepimwa yakipita mita 200 kwa kimo. Yakivunjika, hukoroga maji: huo ndio msukosuko.

Mwaka 1966 mtaalamu wa bahari Walter Munk alikadiria bahari inahitaji kukorogwa kiasi gani ili tabaka zake zibaki zilivyo. Waliokwenda kupima baadaye kwenye bahari wazi walikuta takriban sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Sehemu kubwa ya iliyokosekana ilianza kuonekana miaka ya 1990, mashariki mwa Brazili: juu ya sakafu tambarare maji yalikuwa karibu yametulia, lakini juu ya miinuko na mabonde ya mgongo wa kati wa Atlantiki msukosuko ulikuwa mkali mara nyingi zaidi. Huo nisingeuona kwenye wastani wowote.

Kompyuta za tabianchi hugawa bahari katika miraba ya makumi ya kilomita, ilhali msukosuko humalizikia kwenye milimita. Kwa hiyo huwekewa kanuni ya makadirio. Maboya ya Argo, karibu 4,000, yanayoelea na kuzama yenyewe yakipima bahari, yanatusaidia sana, lakini mengi huishia mita 2,000 na hupima joto na chumvi tu. Nikiambiwa nichague kati ya kompyuta kubwa zaidi na majuma mawili ya meli, nachagua meli.

Naomba kila meli inayoshusha vyombo hadi sakafuni ishushe na kipima-msukosuko. Na isishushe mara moja ikaondoka. Anayepima siku ya maji mafu pekee, maji yanapokupwa na kujaa kidogo, atasema bahari imelala. Wa bamvua, yanapokupwa na kujaa sana, atasema kinyume chake. Meli ikae mahali pamoja mpaka yote mawili yapite, ndiyo maana nikataja majuma mawili. Vipimo vyote viwekwe wazi, pamoja na vile vilivyoharibika, ili mwingine ajue pa kurudia.

Wako katika kazi hii,
Mtafiti wa bahari